Tatu Kati ya Ngapi?

Leo hatuleti mshono mpya wa nikaha, mtusamehe.

Sisi ni mafundi cherehani hapa Bumbire, mtu na mdogo wake, vyerehani viwili na kibanda kimoja karibu na mwalo. Mwaka juzi shangazi yetu alileta kitambaa cha gauni lake, alikuwa anamwoza binti yake. Tulipompima kifua akasema, "Upande wa kushoto muuache upwaye." Tukauacha. Futi ilikuwa mikononi mwetu, tukaona kabisa kwamba pande mbili hazilingani, na hatukuuliza. Tulijiambia ni stara. Ukweli ni kwamba tuliogopa.

Miezi saba baadaye ngozi ya titi ilianza kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, ndipo akasema. Tukavuka ziwa hadi Muleba, kisha Bukoba, mwisho Bugando kule Mwanza. Akakatwa kinyama, akapigwa picha za kifua na ini, tukasubiri. Daktari akatwambia ni hatua ya tatu. Shangazi akauliza, "Tatu kati ya ngapi?" Nne. Akanyamaza mpaka tulipofika tulikofikia.

Siku ile hatukuelewa. Baadaye tulieleweshwa, nasi tukaliweka kwa lugha ya futi. Hatua sifuri, seli mbaya bado zimo ndani ya mirija ya maziwa. Ya kwanza, uvimbe hauzidi sentimita 2, yaani kifungo cha koti, na kwapani ni shwari. Ya pili mara nyingi ni kati ya sentimita 2 na 5, upana wa pindo la baibui, au tezi chache za kwapani zimeguswa. Ya tatu, tezi ni nyingi, au ngozi na ukuta wa kifua vimeingiliwa, lakini ugonjwa haujasafiri mbali. Ya nne umeshafika kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Hata uvimbe mdogo unaweza kuwa umesafiri, ndiyo maana futi peke yake haitoshi na picha zinahitajika.

Tulidhani tatu ni hukumu. Siyo. Katika hatua ya tatu madaktari bado wanalenga kuponya, ila njia ni ndefu: dawa za dripu kwanza ili uvimbe usinyae, kisha upasuaji, kisha mionzi. Katika ya nne wanalenga kuuzuia usiendelee, kupunguza maumivu na kurefusha maisha, na wapo wanaoishi nayo miaka. Kinyama nacho hupimwa kama saratani inalishwa na homoni, maana hiyo ina vidonge vyake. Kinachotuuma ni kwamba hapa Tanzania wanawake wengi hufika hospitali wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Shangazi angeweza kufika na kifungo cha koti.

Bibi harusi, usiseme haya ni ya wakubwa, hata wasichana huugua. Ukishaoga josho la hedhi, ngoja siku chache titi lilainike, halafu lipapase lote mpaka kwapani. Uvimbe mwingi si saratani, lakini usijipe jibu mwenyewe. Omba daktari wa kike. Akikosekana, masheikh wanaruhusu wa kiume kwa dharura, kwa hiyo stara isiwe kisingizio kama ilivyokuwa kwetu.

Alhamdulillah, shangazi amemaliza mionzi. Juzi alirudi kibandani na gauni lile lile. Upande wa kushoto sasa hauna titi, akataka tumshonee mfuko wa pamba kwa ndani ili likae sawa. Safari hii tuliuliza kovu linauma wapi, mkono unainuka mpaka wapi, usiku analalia upande gani. Alijibu yote, tena akacheka, na chai yetu ikapoa mezani.