Laptop Yangu ya Zamani na Amana za Mabiharusi



Leo sizungumzii shela wala hina. Nataka niwasimulie habari ya kompyuta, na tafadhali msiondoke, maana mwisho wake inawahusu zaidi nyinyi mabiharusi.

Mimi ni fundi cherehani. Niliishia kidato cha nne, nikasoma kozi ya ushonaji, na sasa nina duka dogo Nachingwea mjini. Wateja wangu wengi wa harusi wako Ruangwa, kwa hiyo kila wiki napanda gari na mfuko wa nguo kwenda kuwapima. Nina mashine ya kudarizi inayosoma michoro kutoka kwenye flashi, na laptop niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Humo ndimo ninamochorea nakshi, ninamotengenezea kadi za mwaliko, na ninamoweka vipimo na picha za wateja.

Mwaka 2025 laptop ikaanza kunitolea tangazo: Windows 10 mwisho wake 14 Oktoba 2025. Nilishtuka. Nilidhani siku hiyo itazima kama umeme wa luku uliokwisha, na mimi nina magauni manne mezani. Isitoshe, Oktoba kwetu ndio minada ya korosho inaanza. Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wanauza kupitia chama chao kikuu, RUNALI, na pesa ikishaingia, harusi zinafuatana mpaka Ramadhani ikaribie. Huo si wakati wa mtu kukosa mashine.

Nikaenda kwa kijana mmoja anayetengeneza kompyuta. Akanituliza: "Dada, haizimi. Itawaka kama kawaida." Kinachokoma ni yale marekebisho ya usalama ya bure. Windows 10 ilitoka mwaka 2015, na kwa miaka yote hiyo kila likionekana tundu ambalo mwizi anaweza kupitia, Microsoft walikuwa wanatuma kiraka. Baada ya tarehe ile, matundu mapya hayazibwi tena. Ni sawa na nyumba ambayo mlango bado unafungwa, ila kitasa kikilegea hakuna wa kukikaza.

Nikamwambia basi anipandishie Windows 11 yaishe. Akaikagua, akatikisa kichwa. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inataka kumbukumbu ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64, na kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kwa kompyuta za Intel, kwa kawaida huanzia prosesa za kizazi cha nane, na yangu ni ya kizazi cha sita. Akasema anaweza kuipitisha kwa ujanja, ila Microsoft hawaahidi kuwa kompyuta iliyoingizwa hivyo itaendelea kupata marekebisho. Sasa nikajiuliza, kama nahama kwa ajili ya marekebisho, halafu niyakose huko ninakohamia, nimefanya nini?

Na programu yangu ya nakshi ni ya zamani. Hakuna aliyeweza kunihakikishia kwamba itafanya kazi upande wa pili.

Nilirudi nyumbani methali mbili zikigombana kichwani. Moja inasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nyingine inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Zote ni za wazee wetu na zote ni za kweli. Wazee wa Nachingwea wana na kisa chao juu ya jambo hili. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga, wakaja na matrekta na kujenga reli mpaka huku, kisha mwaka 1951 wakaufuta. Hasara ilikuwa kubwa, na reli yenyewe baadaye iling'olewa. Mitambo ilitangulia, kuijua ardhi kukafuata nyuma. Sikutaka kurudia kosa hilo kwenye meza yangu ya kazi.

Basi nikaamua kungoja kwanza. Wiki ile ile nikaenda Ruangwa kumpima biharusi mmoja. Alikuwa amenitumia picha zake za kichwa wazi, mikono wazi, ili nione gauni la ndani litakavyomkaa. Nilipokuwa nazungusha tepu kiunoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, zile picha zangu ziko wapi sasa hivi?"

Nikamjibu haraka, "Ziko salama."

Njiani kurudi lile jibu lilinikaa kooni. Salama wapi? Laptop yangu haikuwa hata na neno la siri. Flashi ninayodarizia ndiyo hiyo hiyo ninayoipeleka kuchapisha kadi, na mara moja ilirudi na virusi, mafaili yote yakageuka kuwa vialama vitupu. Kijana wangu wa kazi anaifungua laptop muda wowote. Yote hayo hayakungoja tarehe 14 Oktoba.

Usiku ule nilikaa baada ya Isha nikafungua folda ya harusi. Nilikuta picha za miaka mitatu. Mabiharusi ambao gauni zao zilishachakaa, nami bado nina picha zao za vichwa wazi. Wengine wana watoto. Wengine ndoa zilishavunjika. Na mmoja, Allah amrehemu, alifariki akijifungua. Picha yake ya siku ya hina ilikuwa pale, anacheka, nywele zimesukwa upya.

Nilishindwa kuifuta na nilishindwa kuiacha. Asubuhi nikampigia mama yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nichapie moja tu, ile aliyojifunika. Zilizobaki zifute." Nilifanya hivyo, na nilimpelekea mwenyewe kwa mkono wangu.

Dada zangu, tunajua hukumu ya amana. Surat An-Nisaa imetuamrisha kuzirudisha kwa wenyewe, na mimi nilikuwa naidhania amana kuwa ni kitambaa tu, kwamba nirudishe vipande vilivyobaki nisiibe hata mita. Kumbe sitara ya mtu nayo ni amana. Na tunakijua kisa cha yule aliyeambiwa na Mtume swallallahu alayhi wasallam amfunge ngamia wake kwanza kisha ategemee. Mimi nilikuwa nategemea tu, ngamia yuko huru barabarani.

Basi nilichoamua ni hiki. Kwanza, nilifuta picha zote za kazi iliyokwisha. Sasa gauni likishachukuliwa, picha nafuta mbele ya mwenyewe. Pili, laptop ina neno la siri, na flashi ya kudarizi haitoki dukani. Kadi napeleka na flashi nyingine. Tatu, niligundua Microsoft wametoa nyongeza ya mwaka mmoja ya marekebisho kwa Windows 10, hadi 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipa dola 30, au usilipe kitu ukikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yako kwenye akaunti yao. Nikajiandikisha, nikavuka msimu wa harusi bila kubadilisha chombo katikati ya kazi.

Nne, mgao wangu wa kikoba wa mwaka huu ni wa laptop ya kizazi cha nane au zaidi. Nitaijaribu kwanza na programu yangu ya nakshi kabla sijatoa pesa. Hii ya zamani itabaki ya kudarizi tu, bila intaneti.

Mwenye kompyuta kama yangu, ushauri wangu ni kwamba usikimbilie na usilale. Angalia ina uwezo gani, hifadhi kazi zako pembeni, ndipo uamue. Na wewe biharusi, usione haya kumuuliza fundi wako, mpiga picha wako na mpambaji wako swali lile niliyoulizwa mimi. Atakayekasirika, huenda na yeye hajui jibu.

Yule biharusi wa Ruangwa aliolewa Desemba. Siku ya kuchukua gauni nilimpa laptop akabonyeza mwenyewe kitufe cha kufuta. Aliangalia mpaka folda ikawa tupu, ndipo akavaa mtandio wake akaondoka.

Allah atusitiri na atufanye wenye kusitiri wenzetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.