Maneno Kwanza, Sauti Baadaye

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliifundisha kwaya ya Darasa la Tano kuimba Kyrie eleison. Siku ya nne, sauti zilipokwisha kupatana, mtoto mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hapa tunaomba nini?" Nikamwamuru aketi, kwa kuwa huo haukuwa wakati wa maswali. Kwa hakika sikujua jibu. Nilidhani hata kwamba maneno yale ni ya Kilatini, kumbe ni Kigiriki kilichosalia ndani ya misa ya Kilatini, na maana yake ni kumwomba Bwana huruma.

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka kusoma habari za Missa Solemnis ya Ludwig van Beethoven. Aliianza mwaka 1819 kwa ajili ya mwanafunzi wake Rudolph, ndugu wa Kaizari wa Austria, aliyekuwa asimikwe Askofu Mkuu wa Olmütz tarehe 9 Machi 1820. Siku ikafika ikapita, misa haijakwisha. Ilikamilika mwaka 1823. Wapo wamlaumuo. Mimi nasita, kwani mtu huyu, aliyebatizwa Mkatoliki na kuzoea maneno hayo tangu utotoni, aliketi akayanakili yote upya, akaandika maana yake kwa Kijerumani, na kutia alama penye mkazo wa maneno ya Kilatini.

Matunda ya kazi hiyo yasikilizeni katika Agnus Dei. Kwaya inaomba amani. Mara ngoma na tarumbeta za vita zasikika kwa mbali, na waimbaji wa pekee wanalia kwa hofu. Haydn naye alikwisha kutia ngoma mahali hapo katika misa yake ya mwaka 1796. Lakini Beethoven alikuwamo Vienna majeshi ya Napoleon yalipouteka mji, mwaka 1805 na tena 1809. Alijua kinachoombwa.

Siku hizi kipindi cha kwanza cha wimbo mpya hakina sauti hata moja. Tunaandika maneno ubaoni, tunaulizana maana, kisha tunayasema polepole ili tuone mkazo uko wapi. Maana zipo tuni za kigeni zinazolazimisha "Bwana" litamkwe kana kwamba mkazo uko mwishoni. Kipindi kizima hupotea, na wenzangu hunung'unika kwamba sikukuu imekaribia.

Yule mtoto alihama shule kabla sijapata jibu lake.