Bakuli la Jirani

Watu wengi hudhani kwamba kupika ni kazi ya kutuliza njaa tu. Mimi naona vingine. Njaa hutulizwa hata kwa kipande cha muhogo kinachotafunwa njiani, lakini chakula kilichopikwa nyumbani na kuliwa pamoja na wengine hutuliza kitu kilicho ndani zaidi ya tumbo. Jambo hili nilifundishwa mara mbili: mara ya kwanza na bibi yangu, mzaa mama, katika kijiji kilicho karibu na Malindi, na mara ya pili na jirani yangu huko Kitui. Nataka kumsimulia msomaji kijana masomo hayo mawili, kwa kuwa yamenifaa kuliko mengi niliyoyasoma vitabuni.

Bibi alinilea tangu utoto. Nyumbani mwake hamkuwa na kazi ya wanawake na kazi ya wanaume. Mlikuwa na kazi tu. Wenzangu walinicheka waliponikuta nimekalia mbuzi nikikuna nazi, nami nilirudi kwa bibi machozi yakinilengalenga. Hakunipa pole. Aliniambia kwamba tumbo la mvulana nalo huuma, basi mikono yake nayo na ijifunze.

Somo lake la kwanza lilikuwa wali wa nazi. Mchele ulichambuliwa katika ungo kwa uangalifu mkubwa, kwa maana kijiwe kimoja chaweza kuharibu furaha ya sinia nzima. Nazi ilikunwa, ikatiwa maji ya vuguvugu, ikakamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza, lililo zito, liliwekwa kando. La pili, lililo jepesi, ndilo lililotangulia chunguni pamoja na chumvi. Lilipochemka, mchele ulitiwa. Na maji yalipokaribia kukauka, tui zito lilimiminwa juu yake. Kisha chungu kilifunikwa, makaa yakapaliwa juu ya kifuniko, nasi tukaketi kungoja. Bibi alisema kwamba kungoja ni kiungo kama chumvi, na asiyekuwa nacho hula wali mbichi.

Wali ulipoiva hatukula mara moja. Sahani ya kwanza ilikuwa ya jirani. Ilifunikwa kwa kawa, nami ndiye niliyekuwa tarishi wake. Sahani hiyo haikurudi tupu hata siku moja. Ilirudi na maembe mawili, au kipande cha papa, au fungu la mchicha. Na siku ambayo jirani hakuwa na kitu, ilirudi na chumvi kidogo iliyofungwa katika karatasi. Hapo ndipo nilipofahamu maana ya msemo kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Baada ya sahani hiyo kuondoka, sisi wa nyumbani tulizunguka sinia, na watoto tuligombania ukoko.

Bibi hakuwa mwepesi wa sifa. Kila nilipopika yeye alionja, akafumba macho, akasema, "Chumvi bado." Hata siku ambazo chumvi ilitosha alisema hivyo hivyo. Nilipokuwa mkubwa nilitambua kwamba hiyo ilikuwa namna yake ya kunitaka nisiridhike upesi.

Nilipohitimu chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha Kitui. Nchi ile si kama ya kwetu. Mvua yake ni haba, na ardhi yake huwapenda watu wavumilivu. Wenyeji hutwanga mahindi katika kinu mpaka maganda yatoke, wakayachemsha pamoja na maharagwe au mbaazi. Chakula hicho huitwa muthokoi. Mbaazi husitawi huko kwa sababu mzizi wake huenda chini sana kutafuta maji, na mmea wake hustahimili ukame ambao mimea mingine haiuwezi. Jirani yangu alikuwa mwanamke mtu mzima aliyekuwa akilea wajukuu wawili. Tuliheshimiana sana. Yeye aliniita Mwalimu, nami nilimwita Mama. Lakini nilipika peke yangu na kula peke yangu, mlango umefungwa. Salamu zetu zilipita juu ya ua kila asubuhi. Sahani zetu hazikupita. Nilijiambia kwamba desturi za bibi ni za pwani, na kwamba mgeni hapaswi kujipendekeza.

Katikati ya mwezi wa Machi mwaka 2020, shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Bibi alinipigia simu akaniambia, "Njoo nyumbani, mwanangu." Nilimjibu kwamba shule zitafunguliwa baada ya majuma machache, na kwamba haifai kupoteza nauli bure. Alinyamaza kidogo, kisha akasema haya. Mwezi wa Aprili serikali ilipiga marufuku watu kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Njia ya kwetu ikafungwa. Mwezi wa Mei simu ililia alfajiri, nami nilijua kabla sijaipokea. Bibi alikuwa amefariki usiku katika usingizi wake. Alizikwa siku iyo hiyo, nami nikiwa Kitui, nimeketi kitandani na simu mkononi, nikisikiliza sauti za watu waliofanya kazi iliyokuwa yangu kuifanya.

Siku mbili sikuwasha moto. Siku ya tatu nilisikia hodi. Jirani yangu alikuwa amesimama mbali kidogo na mlango, amevaa barakoa, na bakuli la muthokoi lilikuwa juu ya kigoda kizingitini.

"Mwalimu," alisema, "leo ni siku ya tatu sijaona moshi kwako."

Nilimweleza yaliyonipata. Hakusema maneno mengi. Alisema tu, "Kula. Hata mwenye kulia hula." Alikaa chini ya mwembe, mbali, mpaka alipoona kwamba nimekula. Chakula kile hakikuwa na tui, wala hakikunukia kama vyakula vya kwetu. Lakini sijapata kula chakula kilichonifika kama kile.

Nililiosha bakuli, nikaliweka mezani, na hapo likaanza kunisumbua. Kila nilipopita niliona aibu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba chombo cha jirani hakirudi tupu, na aliyenifundisha alikuwa kaburini. Kama ningelirudisha bakuli lile tupu, ingekuwa kama kwamba nimemzika mara ya pili, safari hii kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuwa na nazi mbili, masalio ya zile nilizozileta kutoka nyumbani katika likizo fupi ya Februari. Nilivunja ya kwanza, nayo ilikuwa imeoza. Nilivunja ya pili kwa hofu, nayo ilikuwa nzima. Nilinunua mbaazi sokoni, nikaziloweka usiku kucha, nikazichemsha mpaka zikalainika. Nilizitia kitunguu, pilipili na tui jepesi. Kwa kuwa nazi ilikuwa moja na watu ni wengi, niliikamua mara tatu badala ya mbili. Mwisho nilitia tui zito, nikakoroga bila kupumzika ili lisikatike. Harufu ya nyumbani ikajaa chumba, nami nikalia mwiko mkononi. Sikuacha kukoroga.

Nilijaza bakuli la jirani mpaka juu. Tulikula chini ya mwembe ule, kila mtu mahali pake: yeye, wajukuu wake wawili, mlinzi wa shule, na mimi. Mjukuu mdogo alikitazama chakula kwa mashaka, akaonja kwa ncha ya kijiko, kisha akasogeza sahani yake kuomba nyongeza. Jirani yangu alionja polepole. Alisema kwamba mbaazi alizila maisha yake yote, wala hakujua kwamba zaweza kuwa laini namna ile. Halafu akafikiri kidogo, akasema, "Ila, Mwalimu, chumvi bado."

Nilicheka hata nikashindwa kumweleza sababu. Tangu siku ile bakuli lile halikutulia. Lilivuka ua likirudi na kunde, likivuka tena na wali, likirudi na maembe.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Vyakula tunavyojivunia kuwa ni vyetu vingi vilikuwa vya wengine kwanza. Asili ya mbaazi ni Bara Hindi. Mahindi yalitoka Amerika, na Wareno ndio walioyaleta katika pwani zetu baada ya kufika kwao mwaka 1498. Leo Mkamba hali muthokoi kama chakula cha kigeni, wala Mswahili haoni ugeni katika mbaazi za nazi. Basi hakuna chungu kilichojazwa na kabila moja, na anayekataa kumgawia jirani chakula amesahau kwamba yeye mwenyewe aligawiwa.

Msomaji kijana, ukiwa mvulana au msichana, jifunze kupika walau chakula kimoja kwa ustadi. Mfuate anayekijua angali hai. Usimwambie kwamba utakuja baada ya majuma machache. Nami neno hili nalisema kwa uchungu wa aliyechelewa. Na siku utakayokipika kikaiva, usikile chote. Jaza sahani moja, ifunike, uipeleke kwa jirani. Akikuambia kwamba chumvi bado, mshukuru, kisha urudi jikoni.