Fanusi za Bati

Neno fanusi lilitoka katika Kiyunani likaingia katika Kiarabu, na kwa njia hiyo likafika pwani ya Waswahili, ambako maana yake ni taa ya kuchukuliwa mkononi, yenye kioo cha kukinga upepo. Mjini Kairo neno hili lina maana nyingine ambayo halikusafiri nayo. Huko fanusi ni taa ya Ramadhani, na mwenyewe hasa ni mtoto.

Yasemekana kuwa desturi hii ilianza mwaka 973, Khalifa al-Muizz alipoingia mjini humo katika Ramadhani, na watu wakatoka usiku na taa kumlaki. Kisa hiki chaweza kuwa kweli au pambo; fanusi haikitegemei. Linalostahili kutazamwa zaidi ni asili ya bati lake.

Mafundi wa Taht al-Rab, karibu na lango la Bab Zuweila, kwa muda mrefu walitumia madebe na makopo yaliyokwisha kazi jikoni. Kopo hupasuliwa ubavuni, likanyoshwa, likakatwa kwa mkasi wa bati. Kingo za kila kipande hukunjwa, zisikate vidole na zipate kushika kioo cha rangi. Vipande huungwa kwa lehemu. Kitako hupewa kikombe kidogo cha kusimamishia mshumaa, ubavu hupewa mlango wa kuupitishia, na kichwa hutobolewa matundu, maana mwali usiopata hewa hufa. Upande wenye chapa hugeuzwa ndani. Basi mtoto akichungulia penye mshumaa aweza kusoma jina la samli iliyoliwa zamani. Hapana aibu katika jambo hilo. Fundi wa koroboi wa Afrika Mashariki naye hufufua kopo vivyo hivyo, ila koroboi huwashwa kwa sababu nyumba haina taa nyingine, na fanusi huwashwa kwa sababu mwezi umeandama.

Nyumba isiyo na fedha haikukosa pambo. Watoto walikata madaftari ya mwaka wa shule uliopita, wakabandika vipande kwa uji wa unga wa ngano, wakavitundika kwa uzi toka dirisha moja hata dirisha la jirani. Hesabu zilizokosewa zikapepea juu ya njia, zikiwa na haki sawa na zilizopata.

Kisha zikaja fanusi za plastiki kutoka China, zenye betri na wimbo ndani yake. Mwaka 2015 serikali ya Misri ilikataza kuingizwa nchini kwa bidhaa za sanaa ya kienyeji zilizotengenezwa nje, fanusi zikiwamo. Mafundi walistahili nafuu hiyo. Lakini katazo lilitazama mahali plastiki ilikotoka, si kazi iliyomwondolea mtoto. Fanusi ya bati ni bubu. Aliyeishika alilazimika kuimba mwenyewe, mlango kwa mlango, akiomba peremende na njugu, na maneno ya wimbo aliyapata kwa mtoto aliyemzidi umri. Fanusi ya betri humwimbia. Betri ikiisha, wote wawili hunyamaza.

Za bati zingali zikiuzwa mtaani humo. Wako wazazi wazinunuao kwa kuukumbuka utoto wao, wakazitundika juu dirishani, mahali mkono wa mtoto usipofika.