Gari la Jamaa na Daftari Lake



Wanaotengeneza kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike juu ya utunzaji wa gari letu la kulala, lile ambalo hapa Ubelgiji huitwa mobilomu, kwa kuwa sasa funguo zake zimehamia mikononi mwa vijana. Nimekubali. Lakini siwezi kuandika juu ya betri na matairi kabla sijasema kosa langu, maana daftari mtakalolikuta chini ya kiti cha dereva lilizaliwa na kosa hilo. Wengi wenu mnalijua nusu. Leo mlisome lote.

Mnakumbuka tulivyoanza. Kila tulipopatwa na kilio, kama ni Lille, Köln au Genève, taabu ilikuwa ile ile: wazee walale wapi? Nyumba ya kilio hujaa watu hadi jikoni, hoteli ni ghali, na mama wa miaka sabini hawezi kulala siku tatu juu ya zulia. Mwaka 2011 nyumba saba zilichanga kama tunavyochanga likelemba, ila safari hiyo fedha zote zikaenda mahali pamoja. Tulinunua gari lililokwisha kutumika miaka minane, lenye vitanda vinne, jiko la gesi, choo, na viti sita vyenye mikanda. Liliandikwa kwa jina langu, kwa sababu mimi ni mtoto wa fundi wa reli, na watu walidhani ufundi hurithiwa.

Mimi nakaa Chaussée de Wavre, upande wa Matonge, si mbali na Porte de Namur. Anayeijua barabara yetu anajua kwamba gari la mita sita na nusu halina pa kulala pale. Basi zinapita, malori yanashusha ndizi na samaki wakavu, na mtu akisimama kidogo mbele ya duka la nywele nyuma yake honi zinaanza. Kwa hiyo tulipata nafasi katika banda la mkulima karibu na Gembloux. Njia ni rahisi: unaifuata barabara hii hii yetu kupitia Etterbeek na Auderghem, unatoka mjini, unafika Wavre, kisha unaendelea na N4. Siku ya safari nililileta gari mjini alfajiri, tukapakia sufuria, unga wa bukari na wazee kabla maduka hayajafunguliwa.

Gari likawa linasimama bandani miezi mitatu, mara nyingine mitano. Mimi nilifurahi. Nilidhani gari linalosimama linapumzika.

Mwezi wa pili 2016 yaya wetu wa Lyon alifariki. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mama mdogo, aliyekuwa akikaa Etterbeek. Maziko yalipangwa Jumamosi saa nne asubuhi. Ijumaa jioni tuliondoka Chaussée de Wavre watu sita, Mama mdogo akiwa nyuma yangu. Safari ni zaidi ya kilomita 700, kwa njia ya Luxembourg, Metz na Dijon. Tulipopita Toul, kwenye saa tano usiku, injini ilikata ghafla bila kelele kubwa. Nilisukuma gari kando kwa mwendo uliobaki. Halikuwaka tena.

Mkanda wa ndani wa injini ulikuwa umekatika, ule unaofungua na kufunga valvu kwa saa yake. Ukikatika gari likienda, pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Fundi alinionyesha kitabu cha gari, ambacho nilikuwa nacho miaka yote mitano: mkanda ubadilishwe baada ya kilomita kadhaa, au baada ya miaka kadhaa, lolote litakalotangulia. Mimi nilisoma kilomita tu. Kilomita zilikuwa chache. Miaka ilikuwa imepita zamani.

Usiku ule gari lilivutwa hadi garaji iliyofungwa. Asubuhi shemeji mmoja alikuja na gari dogo, akamchukua Mama mdogo. Alifika Lyon saa saba na nusu mchana. Makaburi ya mji yana saa zake, hawakuweza kungoja. Mama alikuta udongo umekwisha kusawazishwa na maua yako juu. Hakunilaumu, siku ile wala baadaye. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenilaumu.

Baba yangu alifanya kazi katika reli ya BCK tangu Lubumbashi ilipokuwa bado inaitwa Élisabethville. Alikuwa na daftari la jalada jeusi, na alituambia kwamba injini iliyotoka safarini itakueleza yenyewe inapougua, bali iliyosimama ni lazima uiulize. Nilikuwa nimesahau maneno hayo. Niliporudi kutoka Lyon nilinunua daftari. Mwaka 2019 tulipouza gari lile na kununua hili la sasa, daftari lilihamia nalo. Haya ndiyo yaliyomo, kwa ufupi.

Kwanza, tarehe. Kila kitu kinachochakaa kwa umri kiwe na tarehe yake: mkanda wa injini, mafuta ya breki, betri, mpira wa gesi, matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la gari kama letu huonekana jipya kwa meno, kumbe mpira umekauka. Likipita miaka sita litazameni kwa shaka, wala msingoje kumi. Na gari likiwa bandani, lisogezeni kidogo kila mwezi, lisikae miezi yote juu ya sehemu moja ya tairi. Kuwasha injini dakika tano na kuizima si dawa. Litembezeni hadi injini ishike moto kamili.

Pili, maji ya mvua. Maji huua magari ya namna hii kuliko ajali. Kuta zake ni mabamba yaliyounganishwa, ndani yake mara nyingi kuna mbao. Maungio ya paa yakipasuka, mvua ya Ubelgiji haina haraka: huingia tone tone miaka miwili kabla hujaona doa. Kila mwanzo wa majira ya baridi na kila mwisho wake, pandeni mtazame maungio na madirisha ya paa. Ndani, bonyezeni kwa kidole gumba pembe zote, chini ya madirisha na ndani ya makabati. Pakibonyea, au pakinuka ukungu, msifunike kwa karatasi ya mapambo. Tafuteni maji yanakoingilia. Magodoro yasimamishwe ili hewa ipite chini yake.

Tatu, maji ya kunywa na baridi. Kabla maji hayajaanza kuganda, toeni yote: tangi safi, tangi chafu, chombo cha kupashia maji moto, pampu na mabomba. Acheni mifereji wazi. Maji yakiganda hutanuka na kupasua chombo, nanyi mtayaona mwezi wa nne yakitiririka sakafuni. Tangi safi lioshwe kwa dawa yake kabla ya safari ya kwanza ya mwaka. Choo kimwagwe mahali palipowekwa kwa kazi hiyo tu. Tusiwaaibishe wazee wetu kwa kumwaga kandokando ya barabara za watu.

Nne, gesi. Hapa nisikilizeni kama baba. Chupa ya butani haifai kipupwe, kwa sababu baridi ikikaribia nyuzi 0 haitoi tena mvuke. Propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Maungio yajaribiwe kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa, hushuka chini, ndiyo maana sakafuni kuna matundu. Mjomba mmoja, ambaye simtaji, aliwahi kuyaziba kwa vitambaa kwa kuwa miguu ilimpata baridi. Yasizibwe. Wala msipashe joto kwa kuacha jiko likiwaka usiku, wala msiingize mbabula ya makaa, hata iliyokwisha kuonekana jivu. Moto katika chumba kidogo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. King'ora chake kipo ukutani karibu na vitanda. Kijaribuni kila safari.

Tano, umeme. Betri ya nyumba ni mbali na ile ya kuwashia injini. Betri ya risasi iliyojaa na kutulia huonyesha karibu volti 12.7. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu, msiishushe zaidi. Ikiachwa tupu majira yote ya baridi hufa, na hakuna chaji itakayoifufua. Siku mtakaponunua ya lithiamu, kumbukeni kwamba haipendi kuchajiwa baridi ikiwa chini ya nyuzi 0, isipokuwa ina kinga yake. Paneli ya jua juu ya paa husaidia sana mwezi wa saba, lakini mwezi wa kumi na mbili hapa kwetu hutoa kidogo mno. Mkitumia waya mrefu wa kukunja, ukunjueni wote, maana ukibaki umeviringika hupata moto hata kuyeyuka. Friji la gesi nalo halifanyi kazi vema gari likiinama: wekeni kabari chini ya magurudumu, mpime kwa pimamaji.

Sita, uzito. Leseni ya B mliyo nayo inaishia kilo 3,500, gari na vyote vilivyomo, watu pia. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni mtu mmoja mnene. Mwaka 2017 tulipita kwenye mizani ya malori tukiwa tumepakia kwa safari ya harusi. Tulishusha magunia mawili ya unga na makreti manne, na Mama mdogo alicheka kwa mara ya kwanza safarini tangu msiba. Vitu vizito vikae chini, katikati ya magurudumu, visipangwe juu ya vichwa.

Saba, sheria. Kizima-moto, pembetatu, sanduku la dawa na koti la kung'aa viwemo daima. Hivyo ndivyo Ubelgiji inavyotaka. Andikeni kimo cha gari kwa herufi kubwa mbele ya dereva, maana dereva aliyezoea gari dogo husahau kwamba ana paa. Na kabla ya kubadilisha gari tena, ulizeni kuhusu moshi wake: Antwerpen ilianza kuchuja magari mwaka 2017, Brussels 2018, Gent 2020, na kanuni zimebadilika mara kadhaa. Gari la jamaa ambalo haliwezi kufika mlangoni kwa wazee halina faida kwetu.

Haya yote yanachukua saa mbili kwa mwezi, na siku nzima mara mbili kwa mwaka. Nendeni wawili wawili, mkubwa na mdogo, ili asiyejua ajifunze. Kila mwenye kulitumia aandike jina lake, tarehe, na alichokiona, hata kama ni taa ndogo isiyowaka. Kuficha hitilafu ni kumwachia mwenzako kando ya barabara usiku.

Nimalizie kwa Mama mdogo. Mwezi wa nane 2016, gari lilipokwisha kutengenezwa kwa gharama iliyokaribia nusu ya bei yake, nilikwenda Etterbeek kumwambia. Nilidhani hatataka kulipanda tena. Akauliza tutaondoka lini. Tulikwenda Lyon polepole, tukalala njiani siku moja, na asubuhi alipika chai yake mwenyewe kwenye jiko lile dogo, mlango ukiwa wazi. Alikaa kaburini saa tatu. Mimi nilingoja garini, nikikagua vitu ambavyo nilikwisha kuvikagua.

Tangu siku ile, kila alipopanda, kabla hajafunga mkanda wa kiti chake aliniuliza: «Mwanangu, mkanda wa injini ni wa mwaka gani?» Nilimfungulia daftari, ukurasa wa kwanza, palipoandikwa kwa wino mwekundu. Alisoma, akasema vema, twende.

Alitutoka mwaka 2022. Maziko yake yalikuwa hapa Brussels, na gari lilileta wazee wa Lille na wa Köln, wakafika mapema, wakalala vitandani. Ukurasa mwekundu bado upo, na mwaka wa mkanda ulioko sasa umeandikwa pale. Vijana, anayekabidhiwa funguo na ausome kwanza. Na ninyi wazee mnaopanda, msione haya kuuliza.

Mungu awatangulie njiani.