Ini la bucha la Ihumwa

Najua nimepotea, msinihukumu. Mwaka wa mwisho huku UDOM si mchezo, na huu mradi wangu umenitoa jasho kweli.

Mradi wenyewe ni ini la kwenye kompyuta. Unalibonyeza kwa mausi linabonyea, ukiachia linarudi. Lengo ni mtu ajifunzie sindano humo kabla hajamchoma binadamu. Mwaka juzi mdogo wangu aliugua, na kijana mmoja aliyekuwa mafunzoni akamchoma mara tano akitafuta mshipa. Dogo analia, yule kijana mikono inamtetemeka, naye karibu alie. Kiukweli simlaumu. Angejifunzia wapi?

Basi bwana, ini langu likawa linalipuka. Sitanii! Lote ni nukta zilizounganishwa na springi. Ukibonyeza kidogo, poa. Ukikazana, nukta zinaruka nje ya skrini kama bisi kwenye sufuria. Supervisa akauliza swali moja tu: "Hatua yako ya muda ina urefu gani?" Kumbe springi zikiwa ngumu halafu kompyuta ikapiga hatua ndefu, kila hatua inapitiliza, inayofuata inapitiliza zaidi, mpaka balaa. Baraff na Witkin walishaliandika hilo mwaka 1998, tena kwa ajili ya nguo: usitumie nguvu za mwanzo wa hatua, tafuta zile za mwisho wake. Hesabu inakuwa nzito ila hailipuki. Wiki mbili sikulala vizuri, likatulia.

Lakini je, ni ini au dodoki? Jumamosi nikapanda daladala hadi nyumbani Ihumwa, nikapitia bucha, nusu kilo ya maini ya mbuzi. Nikaweka kifuniko cha soda juu ya ini, na juu yake pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Likazama milimita sita, halafu likaendelea kuzama polepole hadi nane. Pakiti ya pili ikaongeza mbili tu! Nilipotoa zote, halikurudi lote. Springi zangu hazijui hayo, zenyewe mzigo ukiwa mara mbili zinazama mara mbili. Mama alikuwa ananiangalia tu. "We mwanangu, bumu limeisha mpaka unapima mboga kwa rula?"

(Tuliikaanga baadaye. Data tamu sana hiyo.)

Halafu mjaribu hii: chukueni zabibu yetu ya Dodoma na sindano. Ganda linabonyea kwanza, linakataa, ghafla linapasuka na mkono unaingia. Huo mshtuko ndio anaotakiwa kuuzoea anayejifunza. Shida ni kwamba jicho linaridhika na picha 30 kwa sekunde, mkono unataka kama 1000. Kifaa cha kurudisha nguvu mkononi sina, nina mausi. Wafaransa wa Inria wana programu ya bure, SOFA, waliyoiandikia makala mwaka 2007, mwaka uleule UDOM ilipoanza. Ndiyo ninayohamia sasa, maana springi zimenichosha.

Mwenzangu wa chumba anasoma udaktari, akanikata maini (samahani). Akanikumbusha NeoNatalie, yule mwanasesere wa kujazwa maji wanaofundishia wakunga kumsaidia mtoto mchanga apumue. Mafunzo yake yalijaribiwa kwenye hospitali nane hapa Tanzania, na matokeo ya 2013 yakaonyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 vimepungua kwa asilimia 47. Hakuna kompyuta pale, hakuna springi. Nilikosa jibu, nikazima taa.

Asubuhi nikamkuta kwenye mashine yangu, anabonyeza ini. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasema ini la mtu aliye hai lina damu inayolisukuma kutoka ndani, la bucha halina, kwa hiyo namba zangu za chumvi ni za marehemu. Duh! Halafu akaniuliza sindano nitaiweka lini.

Nawasilisha Ijumaa. Nikipona nitawaambia.