Jazi ya Babu na Jazi ya Grant Green

Poleni na test, na kwa wale ambao boom bado halijaingia, poleni mara mbili. Leo sigusi siasa za chuo wala wali wa kantini. Leo naongelea gitaa. Najua kuna watakaosema "huyu naye kaanza uzee", lakini vumilieni kidogo, maana humu ndani kuna bibi yangu, kuna bati za nyumba na kuna fuvu la Mtwa Mkwawa. Yaani vyote vimo.

Tuanze na swali la mshkaji wangu mmoja wa Mbeya, tunasoma naye mwaka mmoja. Tulikuwa kwenye vimbweta tumefunga madaftari, akaniuliza: hivi hizi bendi zetu za zamani kwa nini zilijiita Jazz wakati hazikupiga jazi? Hesabu mwenyewe: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, NUTA Jazz, Vijana Jazz, na ile ambayo marehemu babu yangu aliipenda kuliko zote, Morogoro Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1944. Ukizisikiliza, nyingi unasikia rumba: imetoka Cuba kwa santuri, imepita Kongo, imefika kwetu imegeuka dansi. Neno Jazz kwenye jina lilikuwa kama kutangaza kwamba hii ni bendi ya kisasa, ina vyombo vya kisasa, njooni na viatu vilivyopigwa kiwi.

Mshkaji hakuridhika. Akanipa flashi akasema, "Kasikilize hii ndo ujue jazi ni nini, hiyo ya babu yako ni dansi tu." Ndani kulikuwa na elpii moja, Grant's First Stand, ya mpiga gitaa Grant Green, mtu wa St. Louis, Marekani. Ilirekodiwa tarehe 28 Januari 1961 kwenye studio ya Van Gelder kule New Jersey, ikatolewa na kampuni ya Blue Note. Wapigaji ni watatu tu: Grant Green kwenye gitaa, Baby Face Willette kwenye kinanda cha ogani, na Ben Dixon kwenye drams. Hakuna mpiga besi, hakuna saksafoni, hakuna anayeimba. Nyimbo ni sita.

Siku ya kwanza niliiweka nikiwa nafua. Haikunigusa. Nikasema moyoni, huyu jamaa mbona anapiga waya mmoja mmoja kama mtu anayejifunza? Siku ya pili umeme ulikatika usiku, baridi ya Iringa ya mwezi wa saba mnaijua, nikajifunika blanketi na simu sikioni. Ndipo nikamsikia.

Grant Green habebi gitaa zima kwa pamoja. Wapiga gitaa wengi hupenda kukamata nyuzi nyingi kwa mpigo mmoja ili sauti ijae. Yeye anapiga noti moja, inafuata nyingine, safi, kila moja ina nafasi yake, kama mzee anayeongea taratibu kikaoni na watu wote wamenyamaza. Inasemekana alikuwa anasikiliza sana wapuliza saksafoni, Charlie Parker hasa, kuliko wapiga gitaa wenzake. Na kweli ukisikiliza vizuri unaona kila baada ya sentensi anaacha pengo, kama anayepuliza akavuta pumzi. Gitaa halihitaji pumzi, lakini la kwake linahema.

Kitu cha pili ni kurudia. Anapata kipande kifupi kitamu, anakirudia mara ya pili, ya tatu, ya tano, mpaka unaanza kucheka peke yako gizani. Kule chini Willette anamwagia ogani na Dixon anagonga taratibu. Wimbo wa kwanza, Miss Ann's Tempo, unakwenda mbio kidogo. Baby's Minor Lope alioutunga Willette una huzuni inayotembea, si ya kukaa chini na kulia. Nao 'Tain't Nobody's Bizness If I Do ni bluzi ya zamani, Bessie Smith aliirekodi tangu mwaka 1923, lakini hapa maneno yote yamehamia kwenye nyuzi.

Wataalamu wanaiita jazi ya soul: jazi iliyorudi kanisani na kwenye bluzi kuchukua joto. Hiyo ogani ndo inayokupa kanisa. Mwaka 1962 Grant Green akarekodi hadi elpii nzima ya nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, inaitwa Feelin' the Spirit. Sisi tuliokulia Iringa, ambako kwaya unaisikia kabla ya kujua kusoma, hatuhitaji kufafanuliwa sana hapo.

Halafu neno soul lenyewe lina kisa chake kwetu. Mwaka 1969 ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijana, ile ya Umoja wa Vijana wa TANU dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huo huo, Dar es Salaam, muziki wa soul ukapigwa marufuku na uongozi wa mkoa. Ilikusudiwa soul ya kucheza, ya kina James Brown, siyo ogani ya Willette. Lakini fikiria: muziki wa watu weusi wa Marekani unafukuzwa mlangoni kwa kuwa ni wa kigeni, wakati ndani ya nyumba bendi zinaitwa Jazz na zinapiga rumba. Utamaduni haukaguliwi pasipoti kirahisi hivyo.

Sasa nimjibu mshkaji. Baada ya wiki mbili na Grant Green nilirudi kwa Mbaraka Mwinshehe nikiwa na masikio mapya. Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, mwaka ule ule wa bendi. Akajiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akawa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo, mpaka watu wakambatiza Soloist National. Mwaka 1970 bendi ikaenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 akatoka akaunda Super Volcano.

Msikilize yeye sasa. Wimbo unaanza polepole, sauti inasimulia shida za mtu na mtu, na gitaa la solo linajibu kila sauti inaponyamaza. Pembeni gitaa la ridhimu linachapa kazi yake bila kulalamika, tumba zinazungumza, saksafoni zinaingia na kutoka. Maneno yakiisha ndo chemko linaanza, na hapo Mbaraka anafanya kile kile: kipande kifupi, safi, noti moja moja, anakirudia, anakigeuza kidogo, anakirudia tena, na nafasi za kuhema humo humo. Tofauti ni kwamba Grant Green yuko peke yake mbele kuanzia mwanzo, na Mbaraka anasubiri neno liishe. Gitaa la Mbaraka lina adabu ya mtu aliyefundishwa kutomkatiza anayeongea, hata kama anayeongea ni yeye mwenyewe.

Sisemi mmoja alimsikia mwenzake. Ninachosema, wote wawili walifanya gitaa liongee lugha ya watu wa kawaida wanaotafuta unafuu baada ya kazi. Kama hilo siyo jazi, mshkaji, basi jina tu ndilo linatugombanisha.

Na kuna jambo lilinisimamisha nywele. Mbaraka alifariki Januari 1979, baada ya ajali ya gari kule Mombasa. Alikuwa na miaka 34. Grant Green alifariki New York tarehe 31 Januari 1979. Mwezi mmoja, mwaka mmoja, bahari katikati. Nilirudia kusoma tarehe mara tatu.

Sasa nije kwenye bati.

Babu yangu alikuwa dereva wa lori, njia ya Iringa na Morogoro, milima ya Kitonga alikuwa anaijua kona kwa kona. Bibi anasema kuna siku babu alikuwa analala Morogoro bila sababu ya lori. Sababu ilikuwa dansi, na ushahidi ni sanduku la santuri lililoko nyumbani Kalenga mpaka leo. Ziko, au niseme zilikuwako, santuri 40. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45, ambazo wimbo unakatwa katikati, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili ugeuze. Na elpii chache, zikiwamo za ule mfululizo wa Ukumbusho ambao Polygram ya Nairobi iliutoa baada ya Mbaraka kufariki.

Likizo iliyopita akaja mnunuzi. Watu hawa wapo siku hizi, wanapita vijijini wanatafuta santuri za zamani, zinapelekwa nje. Akatoa elfu 15 kwa kila moja, zote 40, jumla laki sita taslimu. Na nyumba ya bibi inavuja. Baba mdogo hakuona cha kujadili: mashine ya kuzipigia inaamka siku ikitaka, sindano ni moja, mvua haisubiri. Na kwa kweli alikuwa na haki. Ndiye anayepanda juu ya paa na nyundo kila masika, siyo mimi ninayesikiliza Grant Green kwenye blanketi la hosteli.

Tukakaa kikao. Baba mdogo akanigeukia: "Wewe ndiye msomi hapa. Hivi vitu vina thamani gani?"

Nikasema, shikamoo zote zikiwa zimeshaisha, kwamba thamani ya sokoni anaijua mnunuzi, ndo maana kaja mpaka Kalenga na pesa mfukoni. Nikawaeleza kuhusu ile elpii ya 1961. Kule kwao imetunzwa mpaka leo tunajua siku iliyorekodiwa, nani alipiga nini, studio ipi. Mimi mtoto wa Kalenga naipata kwenye flashi. Lakini wimbo wa bendi zetu mara nyingine umebaki kwenye santuri chache tu zilizotawanyika majumbani. Nikasema nyumba ikivuja tunaweza kuweka ndoo kwa msimu mmoja, lakini santuri ikiondoka na wimbo umeondoka, isipokuwa tuurekodi kwanza.

Baba mdogo akasema, "Ndoo hiyo utakuja kuimwaga wewe?" Watu wakacheka. Sikuwa na jibu, maana chuo kilikuwa kinafunguliwa.

Bibi alikuwa kimya muda wote anapukuchua mahindi. Akauliza mnunuzi anazipeleka wapi. Ulaya, akajibiwa. Bibi akasema, "Hapa Kalenga tunajua habari ya vitu kwenda Ulaya. Mkwawa alikufa 1898, Wajerumani wakaondoka na kichwa. Kilirudi lini?" Kila mtoto wa Kalenga analijua jibu, tumepelekwa pale makumbusho tangu darasa la pili: 1954, Gavana Twining alipolileta fuvu. Miaka 56. Bibi akaendelea kupukuchua. "Na kile kilikuwa kichwa cha Mtwa, kimeandikwa hadi kwenye mkataba wa wakubwa. Santuri za dereva wa lori nani atazidai?"

Kikao kikaisha hapo, ingawa hakikuisha kwa ushindi. Bibi akatoa santuri 14 ambazo alisema hazimkumbushi kitu. Zikauzwa kwa laki mbili na elfu kumi, na mnunuzi hakufurahi maana alizokuwa anazitaka hasa ni zile za Morogoro. Hela ikatosha bati za juu ya chumba cha bibi. Jikoni bado panavuja. Nasema hivi ili msije mkadhani muziki ni kitu cha bure: kuna mwanamke wa miaka zaidi ya sabini anayepika na ndoo pembeni kwa sababu ya gitaa la Mbaraka, na ameamua mwenyewe.

Zilizobaki 26 nimeanza kuzirekodi kwenye kompyuta. Kazi ni ya polepole, maana santuri huipigi mbio, wimbo wa dakika nne unachukua dakika nne. Nimemaliza tisa. Mikwaruzo imo, siiondoi yote. Baba mdogo ndiye aliyetengeneza waya wa mashine, bila kuombwa, na siku hiyo alikaa mpaka chemko likaisha ndo akatoka.

Kwa anayetaka kujaribu: tafuta Grant's First Stand na wimbo wowote mrefu wa Morogoro Jazz. Mara ya kwanza sikiliza gitaa la solo peke yake. Mara ya pili liache, msikilize anayelibeba, yaani ogani kule na ridhimu huku. Mara ya tatu sikiliza mapengo. Hiyo ya tatu ndo dawa.

Na mkienda likizo, Mbeya, Njombe, Songea, popote, ulizeni wazee kama kuna sanduku chini ya kitanda. Msiulize bei. Ulizeni babu alilala wapi siku ile lori lilipokuwa zima. Mkipata kitu niambieni, nije na waya.

Nawasilisha. Tuko pamoja.